UGONJWA, DAWA NA HUDUMA YA KWANZA SHULENI
Maelezo kwa watumishi na wananchi wa delta ya Rufiji na Kibiti



Shabaha ya maelezo haya ni kueleza namna shule inavyopaswa kumshughulikia mwanafunzi anayeugua, anayetumia dawa au anayeumia akiwa chini ya uangalizi wa walimu. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapotokea. Mahali penye zahanati jirani na barabara inayopitika, mwalimu mwenye mgonjwa hutuma mtoto amwite mzazi, mzazi hufika, na kazi ya shule huishia hapo. Katika delta ya Rufiji haiwi hivyo, na kwa sababu hiyo maelezo haya yanaanza na maji kabla ya kufika kwenye dawa.

Kila mkazi anajua kwamba Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika matawi mengi, na kwamba kati ya matawi hayo viko visiwa vyenye vijiji, mashamba ya mpunga na shule. Wakazi wa Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni hupanga safari zao kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wakati wa bamvua hupwa mpaka vijito vingine vikabaki tope tupu, na chombo chenye mashine hakipiti hata kama mafuta yapo na nahodha yuko tayari.

Sasa achukuliwe mwanafunzi wa darasa la 3 anayepandwa na homa saa 3 asubuhi. Alipotoka nyumbani alfajiri alikuwa akijisikia uchovu kidogo, lakini hakusema. Baba yuko dago kwa uvuvi wa kamba, mama yuko shambani akilinda mpunga. Mwalimu anamlaza mtoto chini ya mwembe na kusubiri saa ya mwisho ya masomo. Saa 8 mchana mtoto anaanza kutapika, na wakati huo maji yameshapwa. Yatarudi jioni. Mgonjwa atafika zahanati usiku, na kama zahanati itaona hali ni nzito, safari ya kwenda Nyamisati na kisha kwa gari hadi kituo cha afya cha Kibiti au hospitali ya Mchukwi itaanza alfajiri ya siku ya pili. Saa 5 zilizopotea chini ya mwembe zimekuwa saa 20. Hakuna aliyefanya ubaya katika habari hii; kila mmoja alifanya lile ambalo hufanywa kila siku. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mpango uliowekwa kabla.

Inafaa ieleweke kwa nini mtoto wa shule hasa ndiye anayeangukia katika pengo hili. Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki. Hupimwa uzito, huchanjwa, na sera ya afya ya nchi humwondolea gharama za matibabu mpaka atimize miaka 5. Rufiji yenyewe, wakati Kibiti ilipokuwa bado sehemu yake, ilipata sifa duniani kwa kazi hiyo. Kuanzia miaka ya 1990, mradi wa Wizara ya Afya uliofanywa pamoja na shirika la utafiti la Kanada, uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP, uliziwezesha Halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini kugawa fedha za afya kwa kufuata magonjwa yanayoua watu kweli badala ya kufuata mazoea. Malaria ilikuwa ikipoteza maisha mengi huku ikipewa sehemu ndogo ya bajeti. Ugawaji uliporekebishwa na wauguzi kufundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ukamilifu, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka michache.

Mtoto huyo aliyeokolewa akifikia umri wa shule huingia darasani. Kadi ya kliniki huwekwa sandukuni, na jina lake huhamia kwenye daftari la mahudhurio. Hapimwi tena kila mwezi. Hana msamaha wa gharama. Na uchunguzi wa wataalamu umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wa umri wa shule ndio wenye vijidudu vya malaria kwa wingi kuliko rika jingine lolote, mara nyingi bila homa kali, ila hupungukiwa damu na kusinzia darasani. Serikali ilipoanza mwaka 2013 kugawa vyandarua kupitia shule katika mikoa ya kusini, yaani Lindi, Mtwara na Ruvuma, ilikuwa imetambua kwamba shule ni mlango wa kulifikia rika hili. Mwalimu ndiye mtu mzima pekee anayemwona mtoto wa umri huo karibu kila siku. Kwa bahati mbaya, anachoandika juu yake mara nyingi ni alama moja tu: yupo au hayupo.

Hapo ndipo kazi ya kwanza ya shule ilipo, nayo haihitaji dawa wala fedha. Mwalimu wa zamu awaangalie watoto mstarini asubuhi, si kucha na sare tu, bali na macho na mwendo. Mtoto mwenye joto, anayetetemeka, anayekataa kula, mwenye macho ya njano au anayepumua kwa shida atengwe saa ileile, na uamuzi juu yake ufanywe kabla maji hayajapwa. Katika visiwa, ratiba ya maji ibandikwe ukutani katika ofisi ya Mwalimu Mkuu kama inavyobandikwa ratiba ya vipindi. Wavuvi wa kijiji wanaijua kwa moyo na wataiandika bila malipo.

Kuhusu degedege yapo mambo ya kusemwa waziwazi. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990, katika mkoa huuhuu wa Pwani, ulionyesha kwamba wazazi wengi waliihesabu degedege kuwa ugonjwa mbalimbali na malaria, ugonjwa wenye chanzo cha kishetani, na waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hivyo walimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji na hospitali baadaye. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa alichomwa sindano na kufariki, na watu waliona kwa macho yao sindano ikitangulia na kifo kikifuata. Walimu wengi ni wenyeji, nao wamelelewa katika maelezo hayohayo. Haifai kuwacheka wazazi. Linalofaa ni kuwaeleza kwamba kuchelewa ndiko kuliua, na kwamba mganga anayeheshimiwa kijijini anaweza kuwa msaada mkubwa akikubali kumwelekeza mgonjwa zahanati siku ileile.

Mwanafunzi anapokamatwa na degedege au kifafa darasani, wenzake huondolewa karibu, na vitu vinavyoweza kumjeruhi husogezwa. Alazwe ubavu ili mate na matapishi yatoke. Asitiwe kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, asinyweshwe chochote, asishikwe kwa nguvu. Mwalimu aangalie saa. Mtikisiko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla mtoto hajazinduka, au mtoto akiwa na homa, hiyo ni safari ya hospitali bila majadiliano. Yafaa pia isemwe kwamba mate ya mwenye kifafa hayaambukizi. Huko Mahenge, katika nyanda za juu za bonde hilihili la Rufiji, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa. Wengi walipata nafuu kwa kidonge cha kila siku. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusoma mpaka mwisho, mradi asiachwe apande mtumbwi peke yake wala kuogelea bila mtu wa kumwangalia.

Sasa yaja maelezo juu ya dawa, na hapa ndipo shule nyingi hukosea kwa nia njema.

Katika kisanduku cha shule aghalabu hukutwa vidonge visivyojulikana vilitoka wapi wala lini. Mtu mmoja aliviacha, mwingine alivihifadhi. Katika nchi hii dawa ya malaria imebadilika mara mbili katika muda mfupi. Mpaka mwaka 2001 ilikuwa klorokwini, ambayo wengi wanaikumbuka kwa uchungu na muwasho wake. Kuanzia Agosti mwaka huo ikawa SP. Wananchi wa Rufiji walitangulia wengine, kwa kuwa tangu mwaka 2003 wilaya yao ilitumiwa kuchunguza matumizi ya SP pamoja na artesuneti, na mwishoni mwa mwaka 2006 nchi nzima ikahamia dawa mseto. Kila badiliko lilitokana na vijidudu kuzoea dawa ya awali. Kidonge cha zamani kilichobaki kabatini si akiba. Ni udanganyifu, kwa sababu mtoto atameza, homa itatulia kidogo, na watu wazima watapumzika wakati ugonjwa unaendelea. Aidha, siku hizi dawa ya malaria hutolewa baada ya kipimo, na kipimo kiko zahanati.

Je, mwalimu hawezi kufundishwa kupima na kutibu? Anaweza. Katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, walimu walipewa mafunzo na masanduku ya dawa, ikiwamo SP, na vifo vya wanafunzi vilipungua kutoka 2.2 hadi 1.44 kwa kila wanafunzi 1,000 kwa mwaka. Baadaye, katika wilaya ya Zomba ya nchi hiyohiyo, walimu walifundishwa kutumia kipimo cha haraka na dawa mseto, nao walifanya kazi hiyo vizuri, ingawa utoro wa wanafunzi haukupungua kama ilivyotarajiwa. Mifano hiyo ni ya kuangaliwa kwa makini na wenye mamlaka. Lakini kazi hiyo ilifanywa kwa kibali, kwa mafunzo, na kwa dawa zilizohesabiwa. Mwalimu asijitwalie madaraka hayo kwa kidonge alichokinunua mwenyewe. Aspirini isitolewe kwa mtoto hata kidogo, na dawa za kuua vijidudu, kama amoksilini, zisikae shuleni kabisa.

Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na vitu visivyohitaji cheti: sabuni, pamba, bendeji, kitambaa safi, glovu, mkasi, pini, vipakiti vya chumvichumvi ya kuharisha na kikombe cha kupimia, tochi na betri zake. Pale vipakiti vinapokosekana, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikisawazishwa kwa kisu. Wazee wa Rufiji waliokiona kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 wanajua thamani ya maji hayo. Ugonjwa ule ulifundisha kwamba katika wilaya isiyofikika kwa urahisi, mgonjwa hangoji kupelekwa mbali. Tiba humfuata karibu na kijiji. Tahadhari moja kwa visiwani: maji ya kisima yenye chumvi hayafai kwa mchanganyiko huu, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Shule iweke dumu la maji ya mvua au yaliyoletwa, lenye kifuniko, kwa kazi hiyo peke yake.

Yapo mazingira mengine ya dawa, yaani mtoto anayerudi shuleni akiwa bado kwenye matibabu. Mzazi asimfungie mtoto vidonge katika kishungi cha kanga bila kusema neno. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tatizo hili inaweza kuepukwa kwa hesabu rahisi. Dawa ya kumezwa mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, haina haja ya kufika shuleni. Ndivyo ilivyo dawa mseto, ambayo mtoto humeza mara 6 katika siku 3 na hufanya kazi vizuri zaidi akiimeza na chakula chenye mafuta. Anayetoka nyumbani gizani bila kula, akapiga kafi saa nzima, anameza dawa juu ya tumbo tupu. Kwa huyo mama afadhali atoe uji wenye nazi kwanza. Ni dawa ya mara 3 kwa siku pekee inayomhusu mwalimu. Hiyo ije katika pakiti yake yenye jina la mtoto na maelezo ya mganga, ikabidhiwe mkononi kwa mwalimu mmoja aliyeteuliwa, na kila kidonge kinachotolewa kiandikwe saa na sahihi.

Wapo wanafunzi wa dawa za kudumu, wa kifafa, wa pumu, wa selimundu, na wale wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kwa hao wa mwisho Sheria ya mwaka 2008 inailinda siri ya mgonjwa. Mwalimu aliyeambiwa na mzazi aichukue habari hiyo kama amana. Haisemwi kwenye kikao cha walimu, haiandikwi katika daftari linalosomwa na kila mtu, na mtoto haulizwi mbele ya wenzake kwa nini anakwenda zahanati kila mwezi. Katika kijiji cha kisiwani, ambako kila chombo kinachoondoka hujulikana kimembeba nani, siri ni ngumu kutunzwa, na kwa sababu hiyo inahitaji uangalifu zaidi ya mjini.

Tena ziko siku za ugawaji wa dawa kwa wote. Kampeni ya taifa dhidi ya matende na mabusha ilianzia jirani, katika kisiwa cha Mafia, mwaka 2000, kwa ivermektini na albendazoli, kisha ikaenea. Kwa kichocho na minyoo ya tumbo, wagawaji ni walimu na mahali pa ugawaji ni shule. Konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya chumvi, hivyo hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wa juu, penye madimbwi na mashamba ya maji matamu, kuliko wa ukingo wa bahari.

Katika jambo hili mkoa jirani wa Morogoro una mafunzo mawili, na yote mawili yanafaa kuwekwa mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kilosa, wataalamu walitaka kujua ni vijiji gani vina kichocho cha mkojo. Badala ya kupeleka hadubini kila mahali, walipeleka karatasi za maswali kwa walimu wakuu kwa njia ya kawaida ya barua za Serikali, na walimu wakawauliza wanafunzi ni magonjwa gani yanawasumbua. Majibu ya watoto yalilingana vizuri na vipimo vya maabara. Mtoto aliulizwa, akajibu, akaaminiwa. Mwaka 2008, katika mkoa huohuo, prazikwanteli iligawiwa katika shule za msingi huku wazazi wengi hawajui dawa ni ya nini wala kwa nini imeletwa. Baadhi ya watoto walijisikia vibaya baada ya kumeza. Uvumi ulitangulia maelezo: kwamba dawa imeharibika, kwamba ni ya majaribio, kwamba inaleta ugumba. Wazazi waliwavamia walimu mashuleni, vurugu zikazuka, na ugawaji ukavurugika.

Watumishi wengine hupenda kusema kwamba wananchi wale walikuwa na ujinga. Maelezo hayo ni mepesi mno. Prazikwanteli kweli huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mtoto mwenye minyoo mingi na aliyemeza bila kula. Kwa mganga, hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, nayo hupita. Kwa mama ambaye hakuambiwa kitu asubuhi, na mchana akaletewa mtoto akitapika, hiyo ni sumu. Angejuaje vinginevyo?

Kwa hiyo, siku ya dawa isitangazwe kwa barua ya siku moja kabla. Mkutano wa wazazi ufanyike mapema, mganga wa zahanati awepo na si mwalimu peke yake, na madhara madogo yatajwe kwa majina yake. Kidonge chenyewe kioneshwe. Chakula kipikwe shuleni asubuhi hiyo, hata kama ni uji mtupu. Wazazi wanaweza kuchanga unga kwa siku moja. Kipimo hufuata urefu wa mtoto kwa kijiti maalumu, hakikadiriwi kwa macho. Aliye mgonjwa siku hiyo aachwe. Mzazi anayekataa asitishwe kwa kufukuziwa mtoto shule, bali aandikwe, na aelezwe tena. Baada ya kumeza, watoto wakae shuleni saa 2 au 3 chini ya uangalizi, na visiwani ugawaji ufanywe saa ambayo maji yatakuwa yakijaa, si yakipwa. Utaratibu huohuo unafaa kwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa ikitolewa kwa wasichana kupitia shule, nayo haikukosa uvumi wake.

Ajali za delta zina sura yake. Mtoto aliyezama asining'inizwe miguu juu wala kukandamizwa tumbo ili maji yatoke. Hayo hupoteza dakika. Alazwe chali, kidevu kiinuliwe, avuviwe pumzi 5 mdomoni, kisha asukumwe kifua mara 30 na kuvuviwa mara 2, bila kuacha, mpaka apumue au afike kwa mganga. Aliyechomwa na mwiba wa taa atumbukizwe mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Maumivu hupungua sana, kwani joto huivunja nguvu sumu ya samaki huyo. Mtu mwingine apime joto la maji kwa mkono wake kwanza, asije mtoto akaungua. Aliyekatwa na panga au chaza abanwe jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha aoshwe kwa sabuni. Majivu, udongo na mafuta ya taa hayana kazi hapo, na pepopunda hupenda majeraha ya tope. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe. Atulizwe, kiungo kifungwe ubao kisitikisike, bangili na pete zivuliwe, abebwe. Asitembezwe hata hatua chache hadi gatini.

Linabaki suala la maandishi. Katika msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kuishi katika madungu kuwinga ndege na wanyama, na watoto huenda pamoja nao. Mwalimu huandika utoro. Ndani ya utoro huo wamo watoto wanaougua, na hakuna anayejua. Inashauriwa kila shule iwe na daftari la wagonjwa, lenye tarehe, jina, alichoonekana nacho, saa, alichofanyiwa, aliyemchukua na alivyoendelea. Kurasa chache za daftari hilo, zikipelekwa zahanati kila mwezi, zitamwonyesha mganga jambo ambalo hataliona kwake: kwamba wiki mbili mfululizo watoto wa upande mmoja wa kijiji wanaharisha, au kwamba darasa la 2 lina watoto 6 wanaokojoa damu. Kilosa ilithibitisha kwamba habari ya namna hiyo ni ya kuaminika. Nakala ya daftari itunzwe mahali pa juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wote kwamba maji hayachagui kabati la ofisi.

Mwanzo wa mwaka, mzazi ajaze karatasi moja: mtoto ana ugonjwa gani unaojulikana, dawa gani humdhuru, na ni nani wa kuamua iwapo baba yuko dago na mama yuko shambani. Bibi, mjomba au jirani atajwe kwa jina. Mara nyingi mgonjwa amecheleweshwa kwa sababu tu kila aliyekuwepo aliogopa kuamua juu ya mtoto wa mwenziwe.

Mwisho ni chombo na mafuta. Kila Serikali ya Kijiji chenye shule kisiwani inaombwa ikubaliane, katika mkutano na kwa maandishi, ni boti ya nani itakayochukua mgonjwa wa shule, ni nani atakayeiendesha asipokuwepo mwenyewe, na mafuta yatalipwaje. Dumu moja la petroli lililofungwa kwa kufuli, mbali na madarasa na jiko, lina thamani kuliko kisanduku kilichojaa bendeji. Mafuta yanayotumika yarudishwe ndani ya siku 7 kutoka katika mfuko uliokubaliwa. Achaguliwe pia msindikizaji mtu mzima asiye mwalimu, na mwanamke kwa mgonjwa msichana, kwa sababu shule yenye walimu wachache haiwezi kumtoa mmoja kwa siku mbili. Daftari la wagonjwa liende naye, ili mganga asome saa homa ilipoanza.

Walimu Wakuu wanatakiwa kuwasilisha makubaliano hayo kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji na kwa Ofisa Elimu Kata, wakiambatanisha jina la mwenye boti, jina la msindikizaji, na jina la mwalimu anayeshika ufunguo wa dumu. Ufunguo wa pili ukae kwa mtu anayelala jirani na gati.